Difu Haichomelewi!

Katika toleo lililopita la jarida letu hili mwenzetu mmoja aliandika, tena kwa kujiamini kweli kweli, kwamba kijana wa mjini anayetaka kuwa mwandishi aachane na spana na grisi, kwani kazi hizo zina wenyewe na kalamu haishikwi kwa mkono mchafu. Makala ile niliisoma nikiwa nimelala chali uvunguni mwa gari la mjomba, oili ya difu inanichuruzika hadi kwenye kiwiko, na wanaoijua oili ile wanajua inavyonuka, kama yai viza. Ilibidi nicheke kwanza. Hasira zikaja baadaye.

Nitamjibu, lakini nianze na hiyo difu.

Mjomba wangu huchukua kabichi na karoti kule Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, akazileta Dar. Anayeijua njia ile wakati wa masika hana haja ya kuelezwa. Mwaka 2016 alikuwa na pikapu iliyokuwa ikizama kwenye tope kila wiki. Akaipeleka gereji moja hapa mjini, jina nitaliweka kapuni. Fundi akamwambia: "Mzee, hii dawa yake kuchomelea tu. Matairi yote mawili yatavuta." Wakayachomelea meno ya ndani ya difu siku ile ile, mzee akalipa akaondoka. Kwenye tope, kusema haki, ilivuta kama trekta. Wiki ya tatu inateremka mlima na mvua inanyesha, ikafika konani. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, anasema usukani aliukata, ila gari likaendelea na safari zake moja kwa moja mpaka likalala ubavu mtaroni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Mpaka leo anachechemea. Fundi alipopelekewa habari alijibu kwamba dereva alikuwa mbio.

Mbio! Sasa wewe msomaji nisikilize. Gari likikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoliruhusu moja litangulie na jingine libaki nyuma kidogo. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipata hataza ya kifaa hicho mwaka 1827, akikikusudia kwa gari la mvuke, yaani karibu miaka sitini kabla ya Benz na gari lake la petroli la mwaka 1886. Ukiichomelea difu, matairi ya nyuma yanalazimishwa kwenda sawasawa, na barabara ikiwa imelowa yanaisukuma pua ya gari nje ya kona. Kwa hiyo fundi wetu, pamoja na mashine yake ya umeme, aliturudisha nyuma ya mwaka 1827 na akatoza hela.

Lakini kasoro aliyokuwa akiikimbia ni ya kweli. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi la kushoto likiwa kwenye utelezi halihitaji nguvu nyingi ili lizunguke. Basi na la kulia, hata kama limekanyaga mwamba, linapewa kiasi kile kile kidogo. Ndiyo unaona tairi moja linarusha tope mpaka kwenye paa na gari halisogei hata inchi. Dawa yake ilikwisha kupatikana zamani: katikati ya miaka ya 1930 magari ya mashindano ya Auto Union, kule Ujerumani, yalikuwa tayari na difu inayojibana yenyewe. Madereva wetu huiita difu ya LSD. Nissan Patrol nyingi za miaka ya 1990 zilitoka nayo kiwandani kwenye ekseli ya nyuma, na ndiyo gari mjomba alilonunua baada ya lile kuuzwa skrepa.

Tatizo ni kwamba ilikuwa imechoka. Patrol ikaanza kuzama kama ile ya kwanza. Mjomba, masikini, akarudi gereji (nyingine, safari hii) na akaambiwa achague: kununua asembli nzima iliyotumika, au kuchomelea. Nilikuwepo. Nikauliza, kwa nini isifunguliwe? Fundi akanitazama kama mtoto aliyeropoka msibani. "Hii haifunguliwi, bwana mdogo. Ukiifungua umeiua."

Ndugu zangu, uongo huo ndio ulionifanya niandike. Sisemi mafundi wetu ni waovu. Mteja anataka gari jioni, anabana bei, hakuna atakayemlipa fundi siku mbili za kupima vyuma kwa maikromita. Hilo nalielewa. Lakini kutoka "sina muda wa kuifungua" mpaka "haifunguliwi" ni mbali sana, na hapo katikati ndipo mguu wa binamu yangu ulipovunjikia.

Nikapata kitabu cha matengenezo cha gari lile, cha Kiingereza, nikakaa nacho jioni tano. Jumamosi nikaanza, uani kwa mjomba, juu ya turubai safi. Usafi ndio nusu ya kazi: chembe moja ya mchanga kwenye beringi itakutesa baadaye. Tukaliweka gari juu ya stendi (jeki peke yake usiiamini, tafadhali), tukamwaga oili, tukachomoa ekseli zote mbili, tukafungua propela, tukaushusha moyo wa difu watu wawili, maana ni mzito, ukimponyoka mtu atasimulia kwa wajukuu. Kabla ya kulegeza chochote nilipiga alama kwa panchi: kofia za beringi, kushoto na kulia, na nati za pembeni zilipokuwa zimesimama. Asiyepiga alama hapo ndiye "anayeiua" difu. Meno ya kraunwili na pinioni yameshazoeana. Ukiyarudisha na nafasi tofauti yatalia njia nzima mpaka yaishe.

Kasha likafunguka. Jamani! Mlikuwa na pleti nyembamba za chuma zimepangwa kama chapati, za aina mbili: moja hushikwa na meno ya ndani na kuzunguka na ekseli, nyingine ina masikio ya nje na hukamatwa na kasha. Katikati mihimili imepandana msalaba, ncha zake zimekaa kwenye mifuo ya umbo la V baina ya ringi mbili. Gari likivuta, mihimili inataka kuupanda mfuo, ringi zinaachana, zinazikandamiza pleti, na ekseli zinafungwa pamoja. Ukiachia mafuta zinalegea na kona inakatika. Na kuna pleti za springi zinazobana kidogo muda wote, ili tairi moja likielea lile jingine lisikose kitu kabisa. Niliwaita mjomba na binamu waje kuona. Binamu aliigeuza ile ringi mkononi kwa muda mrefu, hakusema neno.

Zetu zilikuwa zimelika, nyingine zimeungua rangi ya samawati. Nikatafuta mpya maduka ya spea Gerezani, nikazilowesha kwenye oili, nikapanga, nikafunga. Tukapima: tairi moja juu, jingine chini, gia huru, unalizungusha lile la juu. Linapaswa kugoma. Likazunguka kwa mkono mmoja kama feni! Nilikuwa nimezipanga pleti mbili za aina moja kubebana mgongo, kwa hiyo hazikusuguana na chochote. Wiki nzima mjomba hakuniuliza, na hilo liliuma kuliko angegomba. Jumamosi ya pili nikafungua tena, nikapanga moja hivi moja vile. Nikahakikisha mwachano wa meno ya kraunwili kwa kipimo cha kuazima. Safari hii tairi lilitaka spana ndefu na uzito wa mwili wangu mzima. Kitabu kinataja kiasi kinachotakiwa, na usikipite kwa tamaa: difu iliyobana kupita kiasi inakula matairi na kukata ekseli kwenye lami. Oili iwe ile ya difu ya LSD, siyo yoyote iliyopo dukani, kisha uwanjani ukaliendeshe polepole kwa umbo la nane mara kadhaa kila upande, pleti zizoeane. Patrol imepanda Mgeta masika mawili sasa. Konani inakata.

Haya, mwenzangu wa toleo lililopita. Unasema mkono mchafu hauandiki. Jioni zile tano nilizokaa na kitabu cha Kiingereza nilikuwa naandika Kiswahili chake kwenye kaunta buku, kurasa kumi na mbili, pamoja na michoro. Nilihangaika na neno la mfuo kuliko nilivyowahi kuhangaika na kina cha shairi, kwani vina vikikosekana hakuna anayevunjika mguu. Mashairi yangu matatu yamechapishwa humu; sijawahi kusikia mtu ameyaazima. Kaunta buku ile imezunguka mtaani mpaka imelowa oili na jalada limebanduka. Mnaolalamika kila toleo kwamba vijana hawasomi, mmewahi kuwaandikia kitu wanachokihitaji saa nne asubuhi ya Jumamosi?

Juzi yule fundi wa "haifunguliwi" alimtuma kijana wake aje kuiazima. Nimempa. Nimemwambia airudishe kabla ya Ijumaa, maana mpangilio wa pleti kwenye ukurasa wa saba bado ni ule wa kwanza, wenye kosa, nami nilisahau kuukata.

Kisha nikamkimbilia barabarani na kalamu.