Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data Kuhusu Kurekodiwa kwa Mazungumzo ya Simu

Muthangari, Nairobi

Mheshimiwa Kamishna,

Naomba kuiweka mbele ya ofisi yako kadhia ambayo kila mwenye simu katika nchi hii ameipitia, aghalabu bila ya kuitia maanani: ile sauti iliyonaswa zamani ambayo, kabla mpigaji hajatamka neno, humwarifu, mara nyingi kwa Kiingereza, ya kwamba mazungumzo yake huenda yakarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, kisha isimwachie ila njia mbili, ama aendelee na ahesabiwe kuwa ameridhia, ama akate simu na akose msaada alioutafuta.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo ofisi yako imewekewa dhamana ya kuitekeleza, haikuifanya idhini kuwa jambo jepesi namna hiyo. Imetaka iwe ya wazi, ya hiari, isiyo na utata, iliyo mahsusi kwa jambo moja, itolewe na mtu aliyekwisha kufahamishwa, na idhihirike kwa kauli au kwa tendo. Na katika kifungu cha 32 ikamtwika anayehifadhi data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini hiyo aliipata, na ikampa mwenyewe haki ya kuiondoa wakati wowote. Mtu aliyenyamaza akingoja zamu yake, huku salio lake likipungua, ametoa kauli gani? Natambua kwamba mawakili wa mabenki na wa kampuni za bima watajibu ya kuwa kifungu cha 30 kinawapa misingi mingine, kama utekelezaji wa mkataba au maslahi halali ya taasisi, na jawabu hilo lina uzito wake. Lakini ikiwa ndio msingi wanaoutegemea, basi wautangaze bayana, ili raia ajue kwamba hakuombwa ruhusa bali amearifiwa tu, na ajue pia pa kwenda kulalamika.

Na kurekodiwa kwenyewe, Mheshimiwa, si ndiko kunakonikera zaidi. Kinachonikera ni kwamba rekodi ikishapatikana hukaa upande mmoja. Nilipohitilafiana na taasisi moja ya fedha juu ya ahadi niliyopewa kwa simu, nilielezwa kwa adabu kwamba mazungumzo yetu yamehifadhiwa, kwamba wakuu wameyasikiliza na wameona sina haki, na kwamba mimi siwezi kuyasikia kwa kuwa ni mali ya ofisi. Sauti yangu, iliyotoka kinywani mwangu, ikawa hoja dhidi yangu katika shauri ambalo hakimu wake ndiye mshitakiwa! Ilhali kifungu cha 26 kinanipa haki ya kuzifikia data zangu, na kanuni za 2021 zinamtaka mwenye kuzihifadhi anijibu katika muda wa siku 7 bila ya malipo. Ni wangapi miongoni mwa wahudumu wanaopokea simu wamefundishwa hayo? Laiti lile tangazo la mwanzo lingeongezewa sentensi moja tu, ya kumweleza mpigaji kwamba anaweza kuomba nakala na namna ya kuiomba, ugomvi mwingi ungekwisha kabla ya kufika kwako.

Kuna upande wa pili, ambao sheria imeuacha gizani. Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Habari na Mawasiliano, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano iliyoko Waiyaki Way, si mbali na hapa nilipo, inamkataza mwenye leseni ya simu kuyadaka mazungumzo ya wateja. Na sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mitandao inamwadhibu anayeyadaka bila ya mamlaka. Lakini yule aliye mmoja wa wawili wanaozungumza, akibonyeza kitufe cha kurekodi bila ya kumwambia mwenzake, ana hukumu gani? Kifungu cha 51 cha sheria yako kinaziondoa shughuli zilizo za binafsi kabisa au za nyumbani. Je, mazungumzo ya mwajiri na yaya wake ni ya nyumbani, au ni ya kazi?

Sikuliuliza swali hilo kwa kupenda mabishano. Hapa Muthangari, nyuma ya malango ya nyumba na maghorofa, kuna mabawabu, mayaya, madereva na watunza bustani ambao mishahara yao ilikubaliwa kwa simu, likizo zao zikaahidiwa kwa simu, na kufukuzwa kwao hufika kwa simu usiku. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, lakini wengi wao hawajapata kuuona. Kwa mtu wa namna hiyo, sauti ya mwajiri iliyohifadhiwa katika simu yake ndiyo hati pekee aliyo nayo duniani, na kumwambia kwamba amevunja faragha ya aliyemdhulumu ni kumwongezea dhuluma.

Nako kwenye vyeo vya juu mambo ni hayo hayo. Novemba 2021, Mike Sonko, aliyepata kuwa gavana wa jiji hili, alizieneza hadharani kanda za mazungumzo ya faragha zilizomhusu Jaji Said Chitembwe. Malalamiko yakafika Tume ya Huduma za Mahakama, jopo maalumu likapendekeza mwaka 2023 jaji huyo aondolewe kazini, na Mahakama ya Juu ikaliunga mkono. Yeyote atakayetaka tuwe na sheria ya ridhaa ya pande zote mbili, kama ile ya California, na afikiri kwanza ni maovu mangapi yangepata sitara chini yake. Hata hivyo siwezi kusahau yaliyotokea kwa jirani zetu Tanzania mnamo Julai 2019, simu za makada wa CCM, akiwamo Nape Nnauye, zilipovujishwa mitandaoni, hata Septemba akaenda Ikulu kumwomba radhi Rais Magufuli kwa maneno aliyoyasema akidhani yanasikiwa na mmoja tu. Nchi ambamo kila mtu anamwogopa anayezungumza naye haiwezi kuwa na nasaha, wala urafiki.

Kwa hiyo nakuomba, kwa mamlaka uliyopewa ya kutoa miongozo na kanuni za utendaji, ukitenge kitendo cha kuhifadhi na kitendo cha kueneza. Anayehifadhi mazungumzo yake mwenyewe ili ailinde haki yake, akayapeleka mahakamani, kwa afisa wa kazi au katika ofisi yako, asihesabiwe mkosaji. Na mahakama tayari ina ibara ya 50(4) ya kuukataa ushahidi uliopatikana kwa njia itakayoharibu uadilifu wa kesi. Anayeyatandaza mitandaoni kwa kulipiza kisasi, au kwa kutisha ili alipwe, huyo na awajibike, hata akiwa ni mtu binafsi anayejificha nyuma ya kifungu cha 51. Na taasisi yenye kurekodi kila siku ibainishe inahifadhi kwa muda gani, nani anasikiliza, na mpigaji atapataje nakala.

Mwongozo huo utolewe pia kwa Kiswahili, ambacho ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, nao usomwe katika redio, kwa kuwa bawabu wa lango langu hana wasaa wa kufungua tovuti ya serikali.

Wako katika kuitumikia nchi,

Mkazi wa Muthangari