Mlinzi wa Mtandao Naye ni Mwalimu

Fani ya usalama wa mtandao imekwisha kuingia katika vyuo vikuu vyetu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinatoa shahada ya kwanza inayounganisha usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijiti. Hapa Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kinafundisha sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Na mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake Bweleo, ambako vijana husoma sayansi ya data na akili mnemba. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini kila fani mpya inapoingia darasani, sisi tunaoshughulika na mbinu za kufundishia tuna wajibu wa kuuliza: mwanafunzi wa fani hii anapimwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kinamwandaa kwa kazi ipi?

Kipimo kinachosifiwa zaidi ni mashindano. Wanafunzi hupewa mfumo wa kompyuta uliotiwa udhaifu kwa makusudi, nao huupekua mpaka wayapate maneno yaliyofichwa ndani yake. Maneno hayo huitwa bendera, na kila bendera ina alama zake. Sina nia ya kuyabeza mashindano hayo. Kwa jicho la mwalimu yana sifa nyingi: mwanafunzi hujifunza kwa kutenda, hukosea bila ya kumtia mtu hasara, hushirikiana na wenzake, na hujua papo hapo kama amefaulu. Wengi wetu tungeshukuru kama hisabati ya Kidato cha Pili ingesomwa kwa ari kama hiyo. Kijana anayerudi na ushindi amethibitisha kwamba ana akili na subira. Hata hivyo, alichokithibitisha ni uwezo wake wa kupambana na mashine.

Sasa natuutazame wizi unaowasibu watu wa kisiwa hiki. Kila mwenye simu anaufahamu ule ujumbe usemao kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Anayeutuma hamjui anayemtumia. Huusambaza kwa watu wengi, akitaraji kwamba miongoni mwao yumo mmoja ambaye saa ile ile alikuwa anataka kumtumia fedha ndugu yake au mwenye nyumba wake. Mwingine hupiga simu, akajitia kuwa ni mtumishi wa kampuni ya simu, akaomba namba ya siri kwa maneno matamu. Huko Shangani, mwenye nyumba ya wageni anaweza kuandikiana na mgeni wa ng'ambo kwa barua pepe, kumbe mwizi amekwisha kulipata neno la siri la sanduku lake la barua. Siku ya malipo mgeni hupelekewa namba nyingine ya akaunti, naye akalipa bila ya wasiwasi. Katika visa vyote hivi hapana ukuta wa kompyuta uliobomolewa. Aliyevunjwa ni mtu, na silaha iliyotumika ni lugha.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na mwezi Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mamlaka ya Mawasiliano nayo iliweka namba 15040 ili mwananchi aupeleke huko ujumbe wa kitapeli. Hatua hizo zina faida yake, lakini jumbe hizo hazikukoma, maana sheria humwadhibu aliyekamatwa, na usajili humtambulisha mwenye laini. Kumfahamisha mtu kwa nini asitoe namba yake ya siri ni kazi ya elimu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mtaalamu wa usalama wa mtandao ni mwalimu, apende asipende, na vyuo havina budi kumfundisha kufundisha. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitukumbusha kwamba elimu hupimwa kwa namna inavyomwandaa kijana kuihudumia jamii yake. Mwanachuo anayeweza kuupekua mfumo mzima usiku mmoja, lakini asiyeweza kumweleza mkulima wa mwani wa Paje, kwa Kiswahili kinachofahamika, neno la siri ni kitu gani, elimu yake bado haijatimia.

Jambo hili lina uzito pia katika suala la ajira. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la ISC2 lilikisia kwamba dunia ilipungukiwa na wataalamu wa fani hii wapatao milioni 4. Idadi hiyo huwapa vijana matumaini, nao hustahili kuambiwa ukweli wake: waajiri wengi hutaka mtu mwenye uzoefu na vyeti vya kimataifa, na mtihani mmoja wa cheti cha namna hiyo unaweza kugharimu zaidi ya dola 300. Mtoto wa Jang'ombe au Mkokotoni asiye na fedha hizo anahitaji ushahidi mwingine wa uwezo wake. Kama anaweza kuonesha kwamba aliwafunza watumishi wa ofisi fulani, akawapima kabla na baada ya mafunzo, ushahidi huo una thamani mbele ya benki, hoteli, kampuni ya simu au idara ya serikali. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeleta kazi ya afisa wa ulinzi wa taarifa, na afisa huyo anahitaji kuweza kuwaelimisha wenzake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa fani hii afanye mtihani wa kueleza: asimame mbele ya watu wasio wasomi wa kompyuta, afundishe somo moja kwa dakika 20, na alama zitolewe kwa yale waliyoyafahamu wasikilizaji. Pili, awe na majuma kadhaa ya mazoezi katika skuli, shehia na vyama vya ushirika, chini ya usimamizi, kama walimu-wanafunzi wetu wanavyokwenda mazoezi ya kufundisha. Tatu, vyuo vishirikiane na Baraza la Kiswahili la Zanzibar katika istilahi. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwa ajabu ikiwa mwanachuo wa hapa hapa atashindwa kulifundisha somo lake kwa lugha hiyo.

Wako watakaosema kwamba mazoezi hayo yatakula muda wa ufundi, na kwamba kufundisha tuachiwe walimu. Ni kweli kwamba ratiba za vyuo zimejaa. Lakini kila mkufunzi anajua kwamba aliyejiandaa kulifundisha jambo hulielewa kuliko aliyejiandaa kulijibia mtihani. Na kuhusu walimu, wengi wetu hatukufundishwa fani hii. Tunahitaji wa kutufundisha, na wa karibu kuliko wote ni hao hao wanachuo. Vyuo vya ualimu navyo vifungue milango, viwape mbinu na vipokee ujuzi.

Elimu bila ya amali ni kama nta bila ya asali. Tuendelee kuwapongeza vijana wetu kwa bendera wanazozipata katika mashindano, kisha tuwape chaki na kuwapeleka kwa watu wanaoibiwa.