Fundi wa Nyumbani: Msasa kwenye madigadi

Toleo hili nakiri kosa: niliharibu teksi ya baba.

Baba anaendesha teksi hapa Birmingham. Zamani alikuwa fundi rangi Tanga, lakini siku hizi magoti hayamruhusu kuchuchumaa. Muhula uliopita madigadi ya mbele ilikwaruzwa kwenye maegesho, na ukaguzi wa teksi ulikuwa baada ya wiki nne. Gari likikataliwa linalala, na likilala hakuna mapato. Gereji walitaka pesa ambazo hatukuwa nazo. Baba akasema, "Mikono yako, macho yangu."

Tulipuliza rangi ya buluu ya kopo, kisha klia juu yake, tukaacha wiki mbili ikauke, maana baridi ya huku huchelewesha. Ilipokauka ilikuwa na vijipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hapo ndipo msasa unapoingia.

Baba alinipa msasa wa maji namba 1500, niuloweke kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Madigadi imebinuka: kibao kigumu kitagusa kilele tu, na vidole vitupu vitachimba mifereji. Kwa hiyo msasa huzungushwa kwenye sponji laini, inayofuata mbinuko. Mkono haukandamizi. Kila baada ya muda mfupi unafuta maji na kutazama: palipofifia msasa umepita, penye vitone vinavyong'aa bado.

Kisha kuna kingo. Rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo hapo hubaki nyembamba. Baba aliniambia nibandike tepu ya karatasi kwenye ukingo wote juu ya gurudumu. Nilibandika nusu, nikaona inatosha. Kesho yake nilikuwa na mtihani.

Povu la klia ni jeupe kama maziwa. Mara likageuka buluu. Nilikuwa nimeimaliza klia na kuingia kwenye rangi yenyewe.

Kwetu, baba akikasirika kweli hugeukia Kiingereza, ili nisisingizie kwamba sikuelewa. Nilikisubiri. Akainama kadiri magoti yalivyoruhusu, akapitisha kidole ukingoni, akauliza kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa unawahi wapi?"

Sikuwa na jibu kwa lugha yoyote.

Tulipuliza tena klia ukingoni, tukangoja siku tisa. Safari hii nilibandika tepu yote. Tukapita na msasa namba 3000, ndipo polishi kwa mashine ya mwendo mdogo, bila kuisimamisha mahali pamoja, kwa sababu joto huunguza rangi, hasa kwenye mbinuko mkali. Ukingo wenyewe tuliusugua kwa mkono na kitambaa laini.

Ukaguzi tulipita. Ukisimama karibu utaona sentimita tano hivi zisizong'aa kama zingine. Nilitaka kuzirudia, baba akakataa. Anasema pale hapana tena rangi ya kuchezea.

Jumamosi ananifundisha kuziba kutu chini ya mlango. Nitawaletea habari toleo lijalo. Kwa sasa, anayetaka kujaribu nyumbani abandike tepu yote, na asianze kazi hii usiku wa kuamkia mtihani.