Kijana, Mlima Kenya haupandwi mbio

Mipango yenyewe tunaijua. Kikundi cha marafiki kinachanga pesa, kinatoka Nairobi Ijumaa, Jumapili kinateremka, na Jumatatu kila mtu yuko kazini akihesabu 'likes' za picha zake. Lakini kijana, nani aliyeyaambia mapafu yako kwamba umepewa siku mbili tu za likizo?

Kwanza tusahihishane. Kile kibao unachopigia picha ni cha Point Lenana, mita 4,985. Kilele chenyewe ni Batian, mita 5,199, na jirani yake Nelion, mita 5,188. Hivyo viwili ni miamba mitupu, havifikiwi bila kamba na ujuzi. Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu mlimani Desemba 1963, alikuwa ameshafika Batian tangu 1959. Hakwenda kubahatisha.

Lenana hufikiwa kwa miguu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukiwa huko juu, kila pumzi inakupa oksijeni nusu tu hivi ya ile unayopata Mombasa. Mwili huzoea, ila huzoea kwa siku, si kwa saa. Njia ya Naro Moru inapendwa kwa kuwa ni fupi, na ufupi huo ndio unaoumiza: leo umelala kwenye mita 3,000 hivi, kesho uko mita 4,200, na usiku huo huo unaamshwa uanze kupanda tena. Sirimon ina mteremko wa upole zaidi. Ipite hiyo, na uongeze usiku mmoja njiani. Ndiyo, usiku huo una gharama yake; basi endelea kuchanga hadi mwezi ujao.

Na usijipigie kifua eti wewe ni mtu wa gym. Misuli haikukingi. Mara nyingi anayewatangulia wenzake mbio siku ya kwanza ndiye anayetapika siku ya pili.

Kichwa kikiuma na chakula kikikataa kushuka, mwambie kiongozi wenu mapema, usione haya. Usipande zaidi. Hali ikizidi, au ukianza kupepesuka, kuropokwa, au kuhema hata ukiwa umeketi, teremka papo hapo na mwenzako wa kukushika, hata kama ni saa tisa usiku na kibao cha Lenana mnakiona.