Karatasi ya talaka si mali ya karani



Dada mmoja wa Mangobo alikuja kutuona. Jina lake tunaliweka pembeni. Talaka yake ilitangazwa mbele yake, kwa sale ya mahakama, siku ya mchana, watu wakisikiliza. Alitoka pale akafikiri mambo yameisha. Miaka miwili imepita. Leo anataka kufunga ndoa tena kwa komini na ofisa wa eta sivili anamuuliza swali moja tu: karatasi iko wapi?

Karatasi hana. Alirudi kwa ofisi ile iliyotangaza talaka. Siku ya kwanza karani wa arshivu hayuko. Siku ya pili umeme umekatika, mashine haipige. Siku ya tatu wanamwambia hukumu ilisomwa lakini haijaandikwa vizuri, na juge aliyeisoma amehamishwa mji mwingine. Siku ya nne, mtu mmoja kwenye veranda akamwita pembeni: « Yaya, uache kitu ya kalamu, mimi nitakutafutia. » Akaacha. Mpaka leo anangoja.

Tunajua wengi mtasema: iyo njo Kongo. Hapana. Tusizoee. Katiba ya 2006, kifungu cha 21, inasema kila hukumu inaandikwa, inatoa sababu zake, na inasomwa mbele ya watu. Haisemi inaandikwa kama mtu ameleta kitu. Hukumu ambayo imesomwa na haijaandikwa ni deni la Leta kwa raia.

Turudi nyuma kidogo, sababu kuna vijana wengi hapa mjini wanaoamini wameachana na kumbe sheria inawahesabu bado bwana na bibi. Familia mbili zinakaa, wazee wanaongea, mali inarudishwa, kila mtu anaenda kwao. Kwa mila, jambo limekatika. Lakini kama ndoa iliandikwa kwa komini, Kodi ya familia (sheria 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa na sheria 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016) inajua mlango mmoja tu wa talaka: hukumu ya mahakama. Baraza la familia halivunji ndoa hiyo. Pasta haivunji. Karatasi ya shefu wa kartie, hata ikiwa na stempu tatu, haivunji. Na ukifunga ndoa ya pili kwa komini wakati ya kwanza haijavunjika, hapo umeingia kwa bigamie, na hiyo ni kosa la jinai.

Mahakama yenyewe ni Tribunal de Paix, ile tunaita Tripaix. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mpango wa mahakama imeipa mambo yote ya familia na urithi. Kama mmoja hakukubali akakata rufaa, dosie ilipanda kwa Tribunal de Grande Instance. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kupanda moto kwenda mjini: kesi iliishia wapi? Watu wengi wanapoteza siku kutafuta kwa Tripaix hukumu ambayo ya mwisho ilitoka juu.

Swali la pili ni namba. Kila kesi ya namna hii inaandikwa kwa rejista na namba inayoanza na RC. Hiyo namba ni ufunguo. Ukiwa nayo, karani hana sababu ya kusema « hatuoni ». Kama umeipoteza, itafute kabla ya kwenda: kwa avoka aliyekusimamia, kwa barua ya mwito iliyoletwa na wisiye, hata kwa ile risiti ya zamani uliyofunga ndani ya Biblia. Usipoipata kabisa, leta majina yote mawili kama yalivyoandikwa siku ile (si kama unavyojiita kwa Facebook), mwaka, na mwezi ukiweza. Rejista ya kesi na daftari la vikao vinapangwa kwa tarehe. Mtu anaweza kushuka kurasa za miezi miwili. Hawezi kushuka kurasa za miaka kumi, na hapo hatumlaumu.

Kisha omba kwa maandishi. Barua fupi kwa grefie, ukurasa mmoja: wewe ni nani, kesi namba ngapi, kati ya nani na nani, unaomba nini na kwa sababu gani. Piga kopi mbili. Moja unaacha, nyingine wanaweka stempu na tarehe ya kupokea, unarudi nayo nyumbani. Hii stempu ya kupokea inaonekana jambo dogo. Lakini mdomo hauachi alama. Dada yetu wa Mangobo alienda mara nyingi na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba aliwahi kufika.

Unaomba nini hasa? Hapa tunabakiza Kifaransa, sababu kwenye dirisha watakuuliza kwa Kifaransa. « Expédition » ni kopi ya hukumu iliyothibitishwa na grefie. « Grosse » ni kopi yenye maneno ya amri ambayo wisiye anatumia kumlazimisha mtu kutekeleza. Kama baba ameamriwa kulisha watoto na anajifanya kiziwi, unahitaji grosse. Kama unataka tu kuonyesha kwa komini kwamba umeachika, expédition inatosha, na mara nyingi inakuja kwa bei ndogo, sababu grosse ya hukumu yenye pesa ndani yake inavuta haki ya Leta inayohesabiwa juu ya pesa hizo. Watu wanauziwa grosse bila kujua tofauti. Na karatasi ya tatu, ambayo wengi wanaisahau: « attestation de non-appel », inayoonyesha kwamba muda wa rufaa umepita na hakuna aliyekata. Inatolewa na grefu ya mahakama ya juu, ile ambayo ingepokea rufaa. Bila hiyo, komini inaweza kukuambia talaka yako bado inaweza kugeuka.

Talaka ikishakuwa ya mwisho, sheria inataka iandikwe pembeni ya akti ya ndoa, kwa komini ilipofungwa. Nenda uangalie. Mara nyingine pembeni pale ni peupe, mtu na bwana yake wa zamani bado wamefungwa kwa wino. Mara nyingine, kumbe, pameandikwa tayari na namba ya hukumu ipo, na wewe ulikuwa unaitafuta upande mwingine wa mto.

Pesa sasa. Ndiyo, kopi inalipiwa. Hatudanganyi watu kwamba ni bure. Bei hizo zinapangwa na arrêté ya mawaziri wa Sheria na wa Fedha, ni mapato ya Leta yanayopita kwa DGRAD, na kila franga inapaswa kuwa na risiti. Pesa isiyo na risiti haikuingia kwa Leta. Uliza bei, uliza imeandikwa wapi, lipa, chukua risiti. Wakikataa risiti, usilipe. Na ambaye hana kabisa, sheria imemfikiria: anaomba cheti cha umaskini kwa komini yake, halafu anamwandikia rais wa mahakama aondolewe malipo. Cheti cha umaskini si aibu. Aibu ni ya yule anayemdai mama asiye na kitu « pesa ya papier ».

Kuna watu watasema vijana tuache mambo ya ndoa za watu, tupambane na barabara na umeme. Tunawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na ndani yake kuna machozi ya Kisangani, ya vita vya siku sita vya Juni 2000. FRIVAO imewekwa hapa kwa ajili ya malipo hayo. Fikiria mama aliyepoteza nyumba na mtoto mwaka 2000, akaachana na bwana yake mwaka 2003. Leo kila mmoja anadai peke yake, na mwanamke wa pili anasema mimi ndiye bibi. Hukumu ya talaka inaonyesha tarehe. Inaonyesha kwamba siku mabomu yanaanguka, yule mama alikuwa bado bibi wa nyumba ile. Bila karatasi ni mdomo wake dhidi ya mdomo wa familia nzima. Na kwa urithi ni vile vile: bwana akifa, ndugu zake wanakuja na neno moja, « alishaachika », na mjane hajui aanzie wapi kuwajibu.

Kwa ndugu wa Lubunga tunasema neno la pekee. Tangu 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola umechoma nyumba, na makaratasi yaliungua pamoja na vitanda. Kopi ya mtu ikiungua, asili ya hukumu haijaungua: inabaki kwa grefu. Anayo haki ya kuomba nyingine. Lakini aliyekimbia anavuka mto kwa pirogi, analipa kwenda na kurudi, na akiambiwa « rudi juma tatu » ni chakula cha watoto kinachobaki majini. Makarani wajue hilo.

Jambo moja bado, na hapa hata kati yetu hatukubaliani wote. Je, mtu yeyote aweze kuchukua kopi ya talaka ya jirani? Hukumu inasomwa mbele ya watu, ni kweli. Lakini ndani kuna mambo ya chumbani, kuna watoto. Sisi tunaona hivi: wawili waliohusika wapewe kopi kamili bila maswali mengi, mtoto au mrithi apewe akionyesha sababu, wengine watosheke na kujua kama ndoa imevunjika na tarehe gani. Tayari tumeona hukumu ya watu ikizunguka kwa makundi ya WhatsApp ya mjini. Ajabu ni kwamba mwenyewe ananyimwa kopi na wambea wanaipata.

Kwa hiyo tunadai kwa mahakama zote za mji: bei za makaratasi zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kilingala pia, mahali mtu anayesimama nje anaweza kuzisoma. Kila ombi liandikwe kwa daftari na mwombaji apewe tarehe ya kurudi. Hukumu ziandikwe na kusainiwa kabla juge hajahamishwa. Na orodha za talaka zipelekwe kwa komini zote sita, bila kungoja mama abebe mwenyewe dosie kichwani.

Nanyi vijana mnaotusoma: kama uko na mama, yaya au shangazi aliyekwama kwa jambo hili, mwandikie ile barua. Wengi hawaendi sababu hawajui Kifaransa cha ofisi. Msindikize, simama naye kwenye dirisha, kwa heshima, bila kelele, na usitoke bila stempu ya kupokea. Kama amekataliwa risiti, utuletee tarehe, saa na ofisi. Jina la mama baki nalo.