MJANE WA MIAKA 76 KAPATA MPENZI, WASOMAJI WANALIA "MBONA HAKUNA VITA?"

Haya wadau wangu, leo tuwape mastaa wetu mapumziko kidogo. Naleta umbea wa sayari nyingine kabisa. Kabla hujanitukana soma mpaka mwisho, maana utakuta ni umbea wa sebuleni kwenu.

ANGALIZO: nitasimulia kitabu chote. Kama hutaki kujua mwisho wake, ishia hapa, tukutane kesho.

Kuna mwandishi mmoja Mmarekani anaitwa Lois McMaster Bujold. Tangu mwaka 1986 anaandika mfululizo wa riwaya za anga za mbali unaojulikana kama Vorkosigan Saga. Humo kuna meli za kivita zinazoruka kutoka nyota moja hadi nyingine, majasusi, mapinduzi na mabwana wakubwa wenye visasi. Huyu mama si wa kubahatisha. Riwaya tatu za mfululizo huu zilishinda tuzo ya Hugo, na mwaka 2017 Hugo ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa mfululizo bora, aliyeibeba ni yeye.

Sasa mwaka 2016 akatoa kitabu kinaitwa Gentleman Jole and the Red Queen. Hapo ndipo wasomaji wakagawanyika. Wengine wanakipenda kuliko vyote. Wengine wanasema mama kaishiwa, bora angepumzika.

Mimi nimevisoma kwenye simu, kamusi pembeni, usiku taa zikizimwa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na ubishi tu. Nilipomaliza hiki nikasema lazima niwaandikie.

Mwenye habari hii ni Cordelia. Kwenye kitabu cha kwanza, Shards of Honor, alikuwa kapteni wa meli ya utafiti. Akafika kwenye sayari isiyo na watu, akatekwa na mwanajeshi wa upande wa pili aitwaye Aral Vorkosigan, wakatembea porini siku kadhaa wakiwa na majeruhi, na penzi likaanza hapo hapo. Akaolewa ugenini, kwenye jamii yenye mila ngumu sana. Akiwa mjamzito akavutishwa gesi ya sumu, mtoto akanusurika kwa kuhamishiwa kwenye mashine ya kulelea mimba nje ya tumbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mama huyu akapenya mpaka ikulu kumfuata mwanawe, akarudi na kichwa cha aliyepora madaraka kwenye mfuko wa sokoni. Hiyo iko kwenye Barrayar, na wasomaji mpaka leo wakikumbuka ule mfuko wanapiga makofi.

Miaka ikaenda. Mwishoni mwa Cryoburn, kitabu cha 2010, Aral anafariki. Na Gentleman Jole kinaanza miaka mitatu baada ya msiba. Cordelia ana miaka 76, ila kwa watu wa kwao anaweza kufika 120, kwa hiyo bado mbichi. Anatawala Sergyar kwa niaba ya mfalme, na Sergyar ndiyo ile ile sayari walikokutania na marehemu. Anachotaka sasa ni watoto wa kike, kwa mbegu walizoweka akiba yeye na mumewe. Tena sio mmoja, anapanga sita! Na pembeni yupo Admirali Oliver Jole, anakaribia 50, mkuu wa meli za kivita za eneo hilo. Wanaanza kupendana.

Basi, hicho ndicho kitabu. Hakuna vita wala mfalme kupinduliwa. Wanahangaika kuhamisha makao makuu ya sayari kutoka mji uliojengwa karibu na volkano, wanabishana vifaa vya ujenzi, wanaendesha mashua, wanafanya sherehe ya kuzaliwa ya Jole. Ndipo malalamiko yakaanza.

Lalamiko la kwanza: hakitokei kitu. Jamaa yangu mmoja niliyemwazima aliniambia, "Nimefika nusu, sijaona hata risasi moja." Namwelewa. Ukizoea pilipili, wali mtupu haupandi. Lakini hebu jiulize, hivi vitabu vyote vya nyuma walikuwa wanapigania nini? Si ili mtu aweze kukaa nyumbani kwake, apange atazaa lini na atajenga wapi? Kitu kinatokea humu jamani. Jole anaitwa makao makuu apewe cheo kikubwa jeshini, cheo ambacho wenzake wangekiua mtu kukipata. Na huku Sergyar Cordelia kamwambia kwamba kwa ile akiba ya marehemu, naye anaweza kuwa baba. Achague cheo au achague kulea. Mimi sehemu hiyo ilinibana kifua kuliko vita vyovyote.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Kumbe huyu Jole hakutokea hewani. Alikuwa msaidizi wa Aral tangu zamani, kwenye The Vor Game anapita kidogo kama luteni. Kitabu hiki ndicho kinafichua kwamba yeye na Aral walikuwa wapenzi kwa miaka mingi, na Cordelia alijua na aliridhia. Wapo wasomaji waliokasirika wakasema mwandishi kabandika jambo ambalo halikuwepo. Tuseme ukweli wote: kwamba Aral ujanani aliwahi kuwa na uhusiano na mwanaume limeandikwa tangu kile kitabu cha kwanza, halijaja jana. Ila wanaolalamika nao wana hoja, kwa sababu kwenye Barrayar Cordelia mwenyewe anajibu wambea kwamba mumewe siku hizi ni wa mke mmoja. Aliyeshika sentensi hiyo miaka 25 ana haki ya kujiona kadanganywa. Kwetu huku wengi mtaipita sehemu hii kwa kuguna, najua. Lakini kinachonigusa mimi ni Jole msibani. Cordelia alilia mbele ya dunia nzima kama mjane. Jole alisimama pembeni na sare zake kama askari wa kawaida, wala hakuna aliyempa pole. Mtu aliyewahi kumzika aliyempenda bila watu kujua anaijua hiyo hali.

Lalamiko la tatu ndilo lililonifanya niandike. "Bibi mzima anatafuta mapenzi ya nini?" Hilo nimelisikia kwa wasomaji, na kabla ya hapo nilishalisikia nyumbani kwetu.

Mama yangu mkubwa alifiwa na mume akiwa na 50 na kitu. Alimuuguza mwenyewe mpaka dakika ya mwisho. Miaka minne baadaye akaanza kutembelewa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mpole, anakuja na machungwa yake kwenye mfuko. Basi ukoo ukaitisha kikao. Wajomba wakaja, shangazi wakaja, hata wale ambao wakati wa ugonjwa hawakuonekana. Hoja kubwa ikawa eti marehemu ataonekana vipi. Mama mkubwa akasikiliza mpaka wakachoka, kisha akasema, "Mnataka nikae nimlinde marehemu, kwani nani atamwiba?" Kikao kikafa pale pale.

Sasa mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka 19, na moyoni nilikuwa upande wa wajomba. Sio kwamba yule mzee alikuwa mbaya. Nilitaka tu mama mkubwa abaki vile nilivyomzoea, yule mke wa baba mkubwa anayetupikia maandazi likizo. Nilimtaka akae palepale kwa ajili yangu mimi.

Ndiyo maana nilipofika mahali Miles anaingia, nilicheka kwa aibu. Miles ndiye yule mtoto aliyenusurika kwenye gesi, sasa mtu mzima wa miaka 40 na ushee, ana mke na watoto. Vitabu vyote vilivyotangulia kazi yake ni kufichua siri za watu. Kumbe ya mama yake na baba yake hakuijua! Anafunga safari kuja kujua kulikoni, na ni mimi mtupu kwenye kile kikao.

Na sisi wasomaji ndio wajomba wenyewe. Tunasema tunampenda Cordelia, ila tunampenda akiwa na kichwa cha mtu mfukoni. Akiweka mfuko chini, akasema jamani nimechoka, nataka kucheka na kulea, tunamwambia hadithi imeisha. Hadithi yake haijaisha, ni sisi tumemaliza shida naye.

Simaanishi kitabu hakina kasoro. Katikati kinaburuza. Miles naye analainika haraka mno, kikao cha kwetu kilikuwa kigumu kuliko hicho. Na kama hujasoma vya nyuma usianzie hapa, utaona wazee wawili wanakunywa chai tu. Anza na Shards of Honor, kisha Barrayar, ule uzito wa miaka ukuingie.

Jole mwishoni alikikataa kile cheo, akabaki Sergyar kwa Cordelia. Na mama mkubwa? Alifunga ndoa kimyakimya, wakala pilau watu 12. Mimi nilikuwa mmoja wa wale 12, na machungwa ya yule mzee siku hizi nayala bila aibu.

Haya, dondosha maoni yako hapo chini. Mama yako mjane akikwambia leo kuna mtu, utamjibu nini? Usijibu kama msomaji. Jibu kama mtoto wake.