Gunia la kumi na nne

Kila Januari hapa Kolwezi ajenda hugawiwa kama pipi. Kampuni hii ina yake, benki ile ina yake, zote na nembo ya dhahabu kifuani. Ikifika Juni kurasa zake zinafungia karanga sokoni. Mimi natembea na ajenda ya pete sita aliyoniachia marehemu baba, ya ngozi nyekundu iliyogeuka rangi ya chai. Alikuwa nayo kwapani mwaka 2003, alipoondoka kampuni ya madini ya Gécamines kwa hiari pamoja na wenzake zaidi ya 10,000.

Kazi yangu ni kuandika. Wachimbaji wa kundi letu wakileta mzigo wa kobalti, nahesabu magunia, naandika uzito, tarehe, namba ya gari, na asilimia ya kobalti iliyosomwa na kile kimashine cha depo ya mnunuzi. Vijana hunicheka: "Yaya, simu si ipo?" Ipo. Ila mnunuzi hatii saini kwenye simu yangu.

Kiangazi cha mwaka juzi tulipeleka magunia 14 kwenye depo moja. Siku ya kulipwa, karani wao akasema 13. Nikafungua ajenda kwa majivuno; karatasi ya mzigo ule haipo. Tuliikuta kesho yake chini ya kiti cha pikapu, matundu yote sita yamechanika, saini bado inasomeka. Depo wakajibu kwamba karatasi iliyo nje ya kitabu inaweza kuwa imeandikwa popote. Niliwaka, lakini moyoni nilijua ningekuwa mimi ningesema vilevile. Gunia lile likakatwa kwenye malipo yangu.

Uzuri wa ajenda hizi za pete ndio ubaya wake. Kabla ya zile za Filofax kuanza kuuzwa London mwaka 1921, Wamarekani walikuwa wameshazitengeneza kwa ajili ya mainjinia: ukurasa wa hesabu ukichakaa, unautoa, unaweka mwingine. Kinachotoka kwa urahisi hupotea kwa urahisi. Na sisi tunaishi kwenye vumbi. Kuanzia Mei hadi mvua za kwanza, vumbi jekundu la barabara na lile jeusi la kobalti huingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Kwenye pete, likichanganyika na jasho la mikono, nikeli hububuka, kutu huanza, na midomo ya pete haikutani tena sawasawa. Hapo ndipo karatasi hukwama, ukaivuta, ikachanika.

Siku hizi najaribu pete kwa noti ya faranga 500 iliyochoka. Naipitisha taratibu kwenye kiungo cha kila pete. Ikinaswa, kuna mwanya. Ndipo natoa karatasi zote, nazifunga kwa mpira bila kuvuruga mpangilio, natoka barazani. Ngozi naifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye sabuni kidogo. Pete nazisugua kwa mswaki wa zamani. Sipulizi kwa mdomo. Vumbi la kobalti si la kuvuta kifuani. Ngozi hukauka kivulini, maana jua la hapa huipasua kama udongo, halafu napaka gliserini matone mawili, ile ile ninayopaka miguuni.

Tafadhali, msitie mafuta ya cherehani kwenye pete. Nilitia mimi. Baada ya wiki moja yalikuwa tope. Choreni viungo kwa penseli laini ya 2B. Unga wake huteleza bila kushika vumbi. Na mzifungue pete kwa kubonyeza vidole viwili vya chuma, cha juu na cha chini, kwa pamoja. Anayezipanua pete kwa kuzivuta katikati ndiye anayezipinda.

Matundu yaliyochanika nayabandika skochi pande zote mbili, natoboa upya. Kazi ya kuchosha, ndiyo. Ndiyo maana naziomba kampuni zetu: Januari ijayo msitupe nembo nyingine. Tupeni karatasi tupu zenye matundu sita na mashine ya kutoboa, hata moja kwa kila kundi.

Namba za kurasa naandika mwenyewe, kwa wino, kwenye kona ya kila karatasi kabla haijaingia kwenye pete. Jumamosi iliyopita nilifika 312, na karani wa depo, kabla ya kutia saini, alifunua nyuma kidogo kuhakikisha 311 ipo.